SOMO LA ROBO HII: Gari Dogo la Parokia Livae Rimu, Matairi na Springi Gani?



Robo hii tumechagua somo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya masomo ya visima, shule na zahanati, yaani matairi ya gari. Tumelichagua kwa sababu parokia nyingi za ukanda wetu, kuanzia Mikindani hadi mlangoni mwa Mto Ruvuma, hazina Land Cruiser. Zina gari dogo, mara nyingi Toyota Corolla ya miaka ya 1990 iliyoletwa mtumba kutoka Japani au kutolewa na rafiki wa parokia. Gari hilo hilo ndilo linalompeleka mwalimu kigangoni, ndilo linalobeba dawa za zahanati, na usiku wa manane ndilo linalomtoa mama mjamzito Kilambo au Madimba na kumfikisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula. Likikwama njiani na mama ndani, hakuna atakayeuliza rimu zake zilikuwa nzuri kiasi gani.

Matairi yakiisha, kila mtu huja na ushauri wake. Vijana husema gari liwekwe rimu kubwa za sporti na kushushwa kidogo ili lipendeze. Dereva husema linyanyuliwe, maana amechoka kugonga tumbo la gari kwenye matuta. Mtunza hazina husema yanunuliwe matairi ya mtumba, yaliyo rahisi. Wote watatu wana nia njema. Ila kamati isiyojua jinsi ya kupima ushauri huo huishia kumfuata mwenye sauti kubwa. Lengo la somo hili ni kuwapa wanakamati vipimo vichache wanavyoweza kuvitumia wenyewe, hata kama hakuna fundi kati yao.

1. Tuanze na barabara, si na duka

Kabla ya kuuliza bei, kamati iandike kwenye karatasi njia zote ambazo gari hupita kwa mwezi mmoja. Ukanda wetu una njia za aina nne, na kila moja inadai kitu chake.

Ya kwanza ni lami. Barabara ya kwenda Lindi na Dar es Salaam ni ya lami, na kipande cha kilomita 50 kutoka Mtwara hadi Mnivata kimewekwa lami, kikafuatiwa na kazi ya kuiendeleza kuelekea Tandahimba, Newala na Masasi. Huko gari dogo liko nyumbani kwake.

Ya pili ni barabara ya udongo na changarawe, yenye mashimo, mawe na mistari ya bati. Inapofika Oktoba na malori ya korosho yakaanza kupita, mashimo yake huongezeka.

Ya tatu ni mchanga. Anayekwenda Msimbati anaujua, na anayetaka kuendelea hadi Ruvula hulazimika kupita kwenye mchanga wa ufukweni wenyewe.

Ya nne ni tope la mfinyanzi la bonde la Ruvuma, upande wa Mahurunga na Kitaya, ambalo hunata wakati wa mvua. Kwetu msimu wa mvua ni mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kwa hiyo njia za tope zina miezi yake inayojulikana.

Gari lichaguliwe viatu kwa kuangalia njia mbaya kuliko zote ambayo ni lazima lipite, pamoja na mzigo mkubwa kuliko wote ambao ni lazima libebe. Njia ambayo si lazima gari hilo lipite tutaizungumzia mwishoni.

2. Kusoma namba za tairi

Ubavuni mwa kila tairi kuna namba. Tuchukue mfano wa 175/70R13 82S, saizi iliyovaliwa na Corolla nyingi za wakati ule.

175 ni upana wa tairi kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu wa tairi kwa asilimia ya upana huo, yaani asilimia 70 ya 175, ambayo ni milimita 122.5. 13 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 82 ni alama ya mzigo, na maana yake ni kwamba tairi moja linaweza kubeba kilo 475 likiwa na upepo wa kutosha. Alama 84 ni kilo 500, na 86 ni kilo 530. Herufi ya mwisho ni ya mwendo: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210.

Kuna namba nyingine inayosahaulika, hasa kwa wanaonunua mtumba. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, na mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani. Hukauka na kupata nyufa ndogo ubavuni, kisha siku ya jua kali na mzigo mzito hupasuka. Tairi lililopita miaka 6 likaguliwe kwa makini kila mara, na lililofika miaka 10 lisiwekwe barabarani hata kama linang'aa. Gari likifika kutoka Japani na matairi yake, usidhani matairi hayo ni mapya. Soma namba.

Tairi pia lina vialama vidogo vya mpira ndani ya mifereji yake. Mpira wa juu ukichakaa hadi kulingana na vialama hivyo, mifereji imebakiwa na kina cha milimita 1.6 tu, na tairi limeisha. Kwenye tope litateleza mapema zaidi, kabla ya kufika hapo.

3. Rimu kubwa haimaanishi gari refu

Hapa ndipo wengi hukosea. Huona rimu ya inchi 17, wakadhani gari litanyanyuka. Tufanye hesabu pamoja, maana ni ya kuzidisha na kujumlisha tu.

Kipenyo cha gurudumu zima ni kipenyo cha rimu pamoja na ubavu wa tairi mara mbili, wa juu na wa chini. Inchi moja ni milimita 25.4.

- 175/70R13: rimu milimita 330, bavu mbili 245. Jumla ni 575.
- 185/65R14: rimu milimita 356, bavu mbili 240. Jumla ni 596.
- 185/70R14: rimu milimita 356, bavu mbili 259. Jumla ni 615.
- 195/50R15: rimu milimita 381, bavu mbili 195. Jumla ni 576.
- 205/40R17: rimu milimita 432, bavu mbili 164. Jumla ni 596.

Linganisheni ya pili na ya mwisho. Gurudumu la 185/65R14 na la 205/40R17 yana kimo kile kile, milimita 596. Gari halitakuwa refu zaidi kwa kuvaa rimu ya inchi 17. Kilichobadilika ni kwamba chuma kimeongezeka na mpira umepungua. Ubavu wa tairi la kwanza ni milimita 120, wa pili ni 82 tu.

Ubavu huo ndio godoro la gari. Gurudumu likiingia shimoni, ubavu hukunjwa kisha hurudi. Ubavu ukiwa mfupi, rimu hukutana na ukingo wa shimo moja kwa moja. Tairi hukatika ubavuni, mahali ambapo pancha haizibiki, au rimu hupasuka. Rimu ya chuma ikikunjika, fundi wa Mtwara huipiga nyundo ikanyooka. Rimu ya aloi iliyopata ufa si ya kuchomelea na kuirudisha barabarani na watu ndani. Tena rimu kubwa mara nyingi ni nzito, na uzito ulio kwenye gurudumu huchosha shokapu, beringi na breki kuliko uzito ulio ndani ya gari.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba gari hunyanyuka kwa nusu tu ya tofauti ya kipenyo. Ukitoka 575 kwenda 596, tofauti ni milimita 21, na tumbo la gari linapanda kama milimita 10, yaani sentimita moja. Hiyo si haba, ila si muujiza. Anayeahidi kwamba matairi peke yake yatageuza Corolla kuwa gari la porini hasemi kweli.

Je, tusichukue 185/70R14, tupate sentimita mbili? Kwa baadhi ya magari huingia, kwa mengine husugua. Tena gurudumu kubwa ni sawa na kubadilisha gia. Injini ya 1300 au 1500 itavuta kwa shida kwenye mchanga, na dereva atazidi kuchoma klachi. Kanuni ya kawaida ya mafundi ni kutozidi asilimia 3 hivi ya kipenyo cha awali. 185/65R14 imezidi kwa asilimia 3.6, kwa hiyo iko mpakani. 185/70R14 imezidi kwa karibu asilimia 7, na hiyo ni nyingi.

4. Kuhusu kushusha gari

Kushusha gari kuna sababu yake. Gari lililo karibu na ardhi haliinami sana kwenye kona, kwa sababu uzito wake uko chini. Katika mashindano na kwenye barabara laini kama sakafu, hilo ni faida halisi. Mtindo huu ulishamiri Japani na nchi nyingine zenye barabara za namna hiyo, kisha ukafika kwetu pamoja na picha na magari yenyewe.

Kwetu hesabu ni tofauti. Corolla ya wakati ule ina takriban sentimita 15 kati ya tumbo lake na ardhi, ikiwa tupu na springi zikiwa nzima. Tuseme inashushwa kwa sentimita 4. Zinabaki 11. Wapande watu watano na mizigo, nyuma ishuke sentimita nyingine 4 au 5. Zinabaki 6 au 7, sawa na upana wa kiganja bila kidole gumba. Kwa kimo hicho tumbo la gari linakutana na kisiki cha kwanza cha mkorosho. Sampo ikipasuka, oili inamwagika, na injini hufa ndani ya dakika chache dereva asiposimama.

Hatari huzidi pale ambapo gari hushushwa kwa kukata springi au kuzichoma kwa moto. Moto huua ugumu wa chuma cha springi. Springi iliyokatwa hulegea gurudumu linaponing'inia, na inaweza kuhama mahali pake. Shokapu nayo, iliyotengenezwa kwa urefu fulani, hugonga mwisho wake kila mara, na haimalizi mwaka. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka chombo kinachotembea barabarani kiwe kizima na salama. Springi iliyochomwa haitetewi mbele ya mkaguzi wa magari, wala mbele ya kampuni ya bima baada ya ajali.

Kwa hiyo kwa gari la parokia katika ukanda wetu, ushauri wetu ni mmoja: lisishushwe hata kidogo.

5. Kuhusu kunyanyua gari, kwa utaratibu

Dereva anayetaka gari linyanyuliwe ana hoja. Hata hivyo mara nyingi gari analolilalamikia si fupi kwa kuumbwa, bali limechoka. Springi za miaka 25 hushuka kidogo kidogo, na hakuna anayegundua.

Kipimo chake ni rahisi. Simamisheni gari tupu mahali tambarare. Kwa futi ya fundi cherehani, pimeni kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda ulio juu yake, magurudumu yote manne, na muandike. Kushoto na kulia zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, springi ya upande mmoja imekwisha. Kisha bonyezeni kona ya gari kwa nguvu na kuiachia. Ikicheza zaidi ya mara moja au mbili, shokapu ya kona hiyo imekufa.

Utaratibu wa kutumia fedha uwe hivi:

Kwanza, badilisheni springi na shokapu zilizochoka, kwa jozi, za mbele zote mbili au za nyuma zote mbili. Mara nyingi hii peke yake hurudisha sentimita zilizopotea, na gari huacha kuyumba.

Pili, kagueni bushi, bol jointi na tairodi endi. Matairi mapya juu ya bushi zilizolegea huliwa upande mmoja ndani ya miezi michache. Hapo fedha ya wafadhili inakuwa imesuguliwa barabarani.

Tatu, wekeni bamba la chuma la kukinga sampo. Fundi wa kuchomelea anaweza kulitengeneza, mradi aache matundu ya hewa na ya kumwagia oili.

Nne, ndipo mfikirie spesa juu ya springi. Spesa ya sentimita 2 inatosha. Ikizidi 3, draivu shafti hukaa kwa pembe kali na jointi zake huisha mapema, na gari hupoteza utulivu wake. Gari refu hupinduka kwa urahisi zaidi, hasa likiwa na mzigo juu ya paa na dereva akikwepa mbuzi kwa ghafla. Anayenyanyua gari akubali pia kupunguza mwendo.

Tano, baada ya kazi yoyote ya springi au spesa, magurudumu yapangwe upya kwa mashine ya wili alaimenti. Mkiweza, fanyeni hivyo mjini kabla ya kurudi kijijini.

6. Rimu ikae mahali pake

Kamati ikiamua kutoka rimu ya inchi 13 kwenda 14, ambayo kwa njia zetu tunaiona kuwa hatua ya busara, kuna mambo manne ya kuuliza kabla ya kulipa.

Matundu ya nati: Corolla nyingi za wakati ule zina nati 4 kwenye duara la milimita 100. Rimu ya matundu 4 ya duara jingine haifai, hata kama fundi atasema atailazimisha.

Tundu la katikati: habu ya Corolla hizo ina milimita 54.1. Rimu ikiwa na tundu kubwa zaidi iwekewe pete ya kujaza nafasi, la sivyo usukani utatetemeka.

Kina cha rimu: rimu ikitokeza nje sana, tairi hugusa fenda na beringi hubeba mzigo kwa pembe mbaya. Msiongeze vipande vya kuisogeza rimu nje kwa sababu ya urembo.

Nati zenyewe: ziwe za umbo linalolingana na rimu. Zikazwe kwa msalaba, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Baada ya kufunga, fanyeni jaribio hili mbele ya wanakamati wawili. Wapande watu watano, dereva azungushe usukani hadi mwisho kulia, kisha hadi mwisho kushoto, halafu apite polepole juu ya tuta. Ikisikika sauti ya kusugua, saizi hiyo haifai, na rimu zirudishwe dukani siku hiyo hiyo.

Tena msinunue saizi ambayo haipatikani Mtwara mjini. Tairi zuri linalopatikana Dar es Salaam tu ni tairi baya likipasuka Kitaya. Tairi la akiba nalo liwe la kimo kile kile kama mengine manne. Kwa hiyo hesabu ni ya matairi matano.

7. Upepo, mchanga na chumvi

Kwenye lami na changarawe, gari dogo huhitaji upepo wa paundi 30 hadi 33 hivi. Maelekezo ya gari lenu yako kwenye kibandiko kilichopo mlangoni kwa dereva, nayo ndiyo ya kufuata. Likibeba watu watano na mizigo, matairi ya nyuma yaongezwe kidogo kama kibandiko kinavyosema.

Kwenye mchanga mambo hugeuka. Tairi lenye upepo mwingi huchimba kama jembe. Likipunguzwa hadi paundi 20 hivi hutandaza mguu wake, likatembea juu ya mchanga badala ya kuzama. Hapo faida ya ubavu mrefu inaonekana wazi, kwa sababu tairi la ubavu wa milimita 82 halina mpira wa kutandaza, na likipunguzwa upepo rimu hukaa karibu na ardhi. Ukishatoka kwenye mchanga, jaza upepo kabla ya kukimbia, maana tairi lenye upepo mdogo hupata joto na kupasuka. Kwa hiyo kila gari liwe na pampu ya mguu na kipima upepo. Vitu hivi viwili ni vya bei ndogo kuliko rimu moja ya sporti, na vitaokoa safari nyingi zaidi.

Wanaoendesha ufukweni wakumbuke pia chumvi. Gari lililokanyaga maji ya bahari lioshwe tumboni kwa maji baridi siku hiyo hiyo. Kutu huanzia mahali pasipoonekana, yaani kwenye mabomba ya breki na vikalio vya springi. Tukumbuke pia kwamba sehemu kubwa ya ufukwe huo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo taratibu zake ziheshimiwe.

8. Neno kwa wafadhili na watunza hazina

Marafiki wetu wengi hufurahi kutoa gari. Wachache huuliza litavaa nini mwaka wa tatu. Gari lisilo na mfuko wa matairi ni zawadi yenye mwisho unaojulikana.

Njia ya kuweka akiba si ngumu. Tuseme gari hutembea kilomita 1,000 kwa mwezi, na kwenye njia zenu seti ya matairi hudumu kilomita 36,000. Seti hiyo itaisha baada ya miezi 36. Basi kila mwezi mtunza hazina atenge sehemu moja ya 36 ya bei ya matairi matano, kwenye mstari wake ndani ya daftari, na fedha hiyo isiguswe kwa sherehe wala kwa mafuta. Kama njia zenu ni mbaya zaidi na seti hudumu kilomita 24,000, gawanyeni kwa 24.

Kuna jambo la daftari la safari pia. Gurudumu likiongezeka kipenyo, mita ya gari husoma pungufu. Ukitoka 575 kwenda 596, mita ikionyesha kilomita 1,000 gari limetembea 1,036, na ikionyesha mwendo wa 80 ukweli ni karibu 83. Mkaguzi wa hesabu asiyejua ataona mafuta yameongezeka bila safari kuongezeka, na dereva mwaminifu atashukiwa wizi. Kwa hiyo siku matairi yanapobadilishwa saizi, iandikwe kwenye daftari la safari: tarehe, saizi ya zamani, saizi mpya, na sahihi za wanakamati wawili. Mstari mmoja wa wino hulinda jina la mtu.

9. Mahali ambapo gari hili lisipelekwe

Hata baada ya kufanya yote hayo, Corolla inabaki kuwa Corolla. Ina magurudumu mawili tu yanayovuta, nayo ni ya mbele. Kamati iandike orodha fupi ya njia ambazo gari hilo haliendi, na miezi yake, kisha iibandike ofisini na ndani ya gari. Kwa mfano, lisipite mchanga wa ufukweni kwenda Ruvula wakati wowote, na lisiingie njia za bondeni kuanzia mvua zinapokolea hadi zinapokauka. Kwa safari hizo kamati ipange mapema: pikipiki imlete mgonjwa anayeweza kukaa hadi mahali ambapo gari linamsubiri, au liwepo gari refu la jirani lililokubaliwa kabla, pamoja na namba ya simu ya mwenyewe.

Mpango huo si wa kumnyima mtu huduma. Mama aliyeko ng'ambo ya tope husaidiwa na gari linalomsubiri pale linapofika, likiwa zima, kuliko gari lililojaribu kumfuata likazama nusu ya njia. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Gari linalofika salama limeundwa na maamuzi madogo ya watu waliokaa mezani na karatasi, futi na kalamu.

Kwa ufupi, kwa gari dogo la zamani katika ukanda wetu: springi na shokapu nzima kwanza, rimu ya chuma ya inchi 14 na tairi lenye ubavu mrefu, kama 185/65R14, iwapo linaingia bila kusugua, spesa isiyozidi sentimita 2 kama kuna haja, kushusha, hapana, na mfuko wa matairi kila mwezi.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Gari letu hupita njia zipi kila mwezi? Ni ipi mbaya kuliko zote, na je, ni lazima gari hili lipite huko?
2. Matairi yetu ni ya saizi gani na yalitengenezwa lini? Nani atakwenda kusoma namba hizo leo, pamoja na za tairi la akiba?
3. Tukipima kutoka katikati ya gurudumu hadi fenda, kona zote nne zinalingana?
4. Tuna mfuko wa matairi? Kama hatuna, tutenge kiasi gani kila mwezi?
5. Mgonjwa akitoka mahali ambapo gari letu halifiki, tumekubaliana na nani, na namba yake iko wapi?

 Kamati itakayofanya vipimo hivi ituandikie matokeo yake, ili wenzetu wa parokia nyingine nao wajifunze.